Gego la sita: kweli au si kweli?

"Ni jino la utoto, litang'oka lenyewe." Si kweli. Kwenye foleni ya kliniki ya meno nilimsikia mama akimbembeleza mwanawe wa miaka 9 aliyeshika shavu: "Nyamaza baba, hilo litatoka, litaota jingine." Kama ni gego la sita, halitaota. Gego hilo, la kwanza la ukubwani, huchomoza mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya magego ya utoto, wala halisubiri jino lolote ling'oke lilipishe. Sisi wazazi tunashangilia pengo la mbele, kumbe huko nyuma yameota manne kimyakimya.

Leo jioni mwambie mwanao apanue mdomo, mulika kwa tochi ya simu. Anzia jino la mbele la katikati, hesabu kwenda nyuma. Ya utoto ni matano kila upande, juu na chini. Ukikuta la sita, hilo ni la kudumu. Litazame uso wake: lina vifereji vyembamba ambamo biskuti hunasa na mswaki haufiki vizuri. Humo ndimo kuoza kunamoanzia.

"Maumivu yamekwisha, basi limepona." Si kweli. Jino lililomliza usiku kucha kisha likanyamaza ghafla, mara nyingi kiini chake kimekufa. Baadaye utaona kipele cha usaha kwenye ufizi. Vidonge vya antibiotiki vinaweza kutuliza uvimbe kwa muda, lakini shimo liko palepale. Na shavu likivimba pamoja na homa, au mtoto akashindwa kumeza au kupanua mdomo, usingoje kesho. Mpeleke hospitali.

"Likioza sana, dawa ni kung'oa tu." Hapa jibu linategemea umri, na ndipo ningependa kila mzazi atulie asikilize. Mizizi ya gego hili hukomaa miaka kama 3 baada ya kuota, yaani mtoto akiwa na miaka 9 au 10. Kabla ya hapo ncha zake ziko wazi, damu hupita kwa wingi, na kiini kina nguvu ya kujiponya. Daktari anaweza kuondoa sehemu ya kiini iliyoharibika, akaacha iliyo hai, akaifunika kwa saruji maalumu ya meno, kisha akalivika gego kofia ya chuma. Mzizi ukapata nafasi ya kumalizia kukua.

Lakini kung'oa nako kuna wakati wake. Gego likiwa limebaki gofu, kuling'oa kati ya miaka 8 na 10 kunaweza kulipa nafasi gego la pili la ukubwani, ambalo huota kwenye miaka 12, lisogee mbele na kuziba pengo. Juu hufanikiwa kwa urahisi kuliko chini. Mkichelewa, gego la pili huinamia pengo na chakula kinakwama kila mlo. Kwa hiyo omba picha ya eksirei, na uulize: "Daktari, mizizi imefunga? Gego la pili limefikia wapi?" Una haki ya kujibiwa kabla koleo halijashikwa.

"Kung'oa jino la juu kunapofusha." Si kweli. Mshipa wa fahamu wa jino si ule wa kuonea.

"Bila mashine na umeme, jino halizibiki." Si kweli, na hili Watanzania tujivunie. Katikati ya miaka ya 1980 ilianzia hapa kwetu mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu, kisha kuziba shimo kwa saruji inayong'ang'ania jino. Leo inatumika duniani kote. Inafaa shimo ambalo bado halijagusa kiini, lile doa jeusi dogo ambalo tochi ya simu itakuonyesha leo jioni.