Mazoezi ya Viungo Huanzia Nyumbani



Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Usemi huo kwa kawaida huelekezwa kwenye tabia za watoto, lakini wafaa vilevile kwa viungo vyao. Leo tunazungumzia watoto wenye ulemavu wa viungo, hasa wale wasioweza kuketi, kusimama wala kutembea kama wenzao, na tunauliza: jukumu la kuwafanyisha mazoezi ni la nani?

Jibu la swali hilo ni zito katika sehemu kama Rugerero, wilayani Rubavu, kaskazini-magharibi mwa Rwanda. Nchi hiyo ni ya milima. Njia zake hupanda na kushuka, na mto Sebeya hupita humo ukielekea Ziwa Kivu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 120 nchini Rwanda, na mto huo ukavamia makazi ya watu wilayani Rubavu. Katika usiku kama ule, mtoto asiyeweza kusimama huokolewa kwa mgongo wa mtu mwingine. Kwa hiyo mtoto akijua kugeuka, kushikilia shingo ya ambebaye, au kupiga hatua kumi tu kwa mkongojo, hilo si jambo dogo.

Wengi wa watoto hao wana mtindio wa ubongo. Ubongo wao uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye. Huenda mtoto alikosa hewa, alizaliwa kabla ya wakati wake, alipata manjano kali, au aliugua homa ya uti wa mgongo. Hapana budi ifahamike kwamba jeraha lenyewe la ubongo haliendelei kukua. Kinachobadilika ni mwili. Mifupa hurefuka, misuli iliyokakamaa haiifuati sawasawa, viungo hukaza, na mara nyingine nyonga huteguka. Mtoto aachwaye kwenye mkeka mwaka baada ya mwaka huongezewa ulemavu wa pili juu ya ule wa kwanza, na huo wa pili waweza kupunguzwa.

Wazazi wengi hudhani kwamba dawa ya hayo ni mtaalamu kumnyoosha mtoto miguu hospitalini. Mtaalamu ni wa lazima, lakini na tufanye hesabu. Juma lina saa 168. Hata mtoto mwenye bahati ya kuonwa na mtaalamu saa nzima kila juma, bado zinabaki saa 167 ambazo yuko mikononi mwa mama, baba, bibi na ndugu zake. Tena utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba kumnyoosha mtoto aliyelala tu hakumletei faida kubwa. Ubongo hujifunza pale mtoto mwenyewe anapojitahidi kutenda jambo analolitaka, akalirudia mara nyingi, mahali anapoishi.

Maana yake ni kwamba mazoezi yamo ndani ya kazi za kila siku. Mtoto aketishwe kwenye pembe ya kuta mbili, miguu mbele, ili mikono yake ipate nafasi. Apewe maharagwe achambue: jicho, kidole na mgongo vyote vitafanya kazi. Ashike meza na kusimama wakati mwenzake akimenya viazi. Anapovishwa shati, mkono ulio dhaifu utangulie. Anapovuliwa, uwe wa mwisho. Na sehemu anayoiweza aachiwe aimalize mwenyewe, hata kama itachukua muda. Anapolishwa, asilazwe chali wala kichwa kisiinuliwe nyuma, maana chakula chaweza kuingia mapafuni. Aketishwe wima, kidevu kikiinama kidogo. Na asiachwe katika mkao mmoja kwa saa nyingi.

Hapo ndipo upendo wenyewe hukosea njia. Kumficha mtoto ndani ni dhuluma, na jambo hilo limekemewa mara nyingi. Lakini kumfanyia kila kitu kwa huruma nako humnyima nafasi ya kujifunza. Sisemi aachwe ahangaike. Asaidiwe kwa kiasi kinachopungua kadiri uwezo wake unavyoongezeka.

Yako mambo yasiyoweza kumalizwa nyumbani. Kiungo kilichokaza kisivutwe kwa nguvu. Na mtoto mwenye maumivu, degedege au nyonga iliyoteguka apelekwe kwa mganga. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani naye asicheleweshwe. Njia aliyoibuni Daktari Ignacio Ponseti huko Marekani huzirudisha nyayo hizo kwa plasta ngumu zinazobadilishwa kila juma, kisha viatu maalumu vivaliwavyo usiku kwa miaka kadhaa. Wazazi wakiviacha viatu hivyo mapema, nyayo hupinda tena.

Rwanda si ngeni katika kazi hii. Mwaka 1960 Padre Joseph Fraipont, aliyejulikana pia kwa jina la Ndagano, alianzisha kituo cha Gatagara, kusini mwa nchi, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Mjini Gisenyi, jirani na Rugerero, Frederick Ndabaramiye na Zacharie Dusingizimana walianzisha kituo cha Ubumwe, yaani umoja. Ndabaramiye mwenyewe alikatwa mikono yote miwili na waasi akiwa kijana, akajifunza upya kuandika na kuchora. Serikali nayo ilitunga sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu mwaka 2007, na mwaka 2008 ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao.

Lakini sheria haimfikishi mtoto msalani, na kituo kilichoko mjini hakimfikii aliye mlimani mpaka mtu ampeleke. Yafaa wataalamu wapande vilima, wamwonyeshe mama kazi mbili au tatu za kumfaa mwanawe, kisha warudi kupima maendeleo. Yafaa majirani, katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, wasawazishe njia inayotoka kwa mtoto huyo hadi shuleni, na wachimbie miti ya kushikilia pale penye mteremko. Na yafaa baba naye ashiriki, kwa kuwa mtoto huzidi kuwa mzito kila mwaka, na mgongo wa mama una kikomo chake.

Samaki hakunjwi kwa siku moja. Hukunjwa kidogo kidogo, kila siku, na wale walio karibu naye.