Habari zenye hukuomba ku telefone: zinatoka wapi, na namna ya kuzifunga

Mama mwenye anauzisha sambaza ku soko ya Kadutu, kule Bukavu, anafungua Chrome ku telefone yake. Anataka kitu kimoja tu: kujua dola inaenda kwa franka ngapi leo. Mbele hata aandike neno, chini ya mahali pa kutafutia tayari kuna picha ya nyumba inaungua. Chini yake, mwimbaji fulani ameachana na bibi yake. Chini tena, dawa ya majani yenye inaponesha sukari kwa siku saba. Mama hakuomba hata moja kati ya hizo. Lakini mega zake zimekwisha kuanza kutembea, kwa sababu picha zote zile zinashuka kwa intaneti yake.

Watu wengi wanafikiri habari hizo zimepangwa na mwandishi mahali fulani, kama vile radio inavyopanga habari za saa moja ya asubuhi. Si hivyo. Orodha ile inaitwa Discover, ni ya kampuni ya Google, na jina hilo lilianza kutumiwa mwaka wa 2018. Hakuna mtu mwenye anakaa na kuchagua. Ni mashine yenye inabahatisha: inaangalia mambo yenye ulitafuta, kurasa zenye ulifungua, luga ya telefone yako, mara nyingine na mahali uko, kisha inakisia kitu gani kitakufanya ufinye. Ukifinya, inaandika kwamba ulipenda. Haijui kama ulifinya kwa furaha, kwa woga ao kwa kukosea kidole.

Hapo ndipo penye shida kubwa. Mkaaji wa Beni ao wa Bunia mwenye anafinya kila kichwa cha habari chenye neno « mashambulizi », kwa sababu ana ndugu kule kijijini, kesho yake atapewa vichwa vingine vya namna ile ile, na kesho kutwa vingi zaidi. Anaishia kuamini kwamba vita imeongezeka. Pengine ni kweli, pengine si kweli. Ukurasa ule hauwezi kumwambia, maana haupimi vita, unapima vidole vyake.

Tena kuna mambo ya tarehe. Discover haileti habari za leo peke yake. Inaweza kuleta ya zamani kama inaona hujaisoma. Watu wa Goma wanakumbuka Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na agizo la tarehe 27 la kuhama sehemu kubwa ya mji, watu wakielekea Sake na wengine Rwanda. Makala za siku zile zingali ku intaneti, na vichwa vyake vinasema « leo » na « sasa hivi ». Mtu mwenye anaona moja usiku, kwa haraka, bila kufungua na kuangalia mwaka, anaweza kuamsha watoto bure. Basi ukiona kichwa cha habari chenye kutisha, tarehe ndiyo ya kwanza kutafuta. Mara nyingi imeandikwa kidogo sana, karibu na jina la gazeti.

Kuzifunga si kazi ngumu. Ku Chrome ya Android, fungua ukurasa mpya. Juu ya habari zile kuna neno Discover, na pembeni yake alama ya gurudumu lenye meno. Ku telefone zingine ni nukta tatu. Finya pale, kisha uchague « Désactiver ». Habari zinakunjika, mahali pa kutafutia panabaki. Ukizitaka tena siku fulani, unarudi pale pale na kuziwasha.

Mwenye hataki kufunga yote anaweza kuchuja. Kila habari ina nukta tatu zake pembeni. Ukizifinya, unapewa njia ya kusema kwamba jambo lile halikupendezi, ao kwamba hutaki tena kitu chochote chenye kinatoka kwa gazeti lile. Hii ya pili ndiyo yenye nguvu. Ukurasa mmoja wa uongo ukifungwa, uongo wake wote unaondoka pamoja nao. Lakini ukikataa habari moja moja, utafanya kazi ile mwaka mzima. Inaomba uvumilivu wa siku kadhaa, juu mashine haisikii siku moja.

Wenye kutumia Opera Mini, na ni wengi kwa sababu inafinyanga kurasa ili mega zisikwishe haraka, wanakuta habari pia ku ukurasa wa kwanza. Ni ajabu kidogo: programu ya kuchunga mega inakuletea picha zenye hukuomba. Lakini kampuni ile, sawa na Google, inaishi kwa matangazo ya biashara, na mtu mwenye anasoma zaidi anaona matangazo zaidi. Ingia ku « Paramètres », tafuta sehemu yenye inasema juu ya ukurasa wa kwanza, uzime habari. Ku ordinatere za ofisi zenye kuwa na Edge, gurudumu lenye meno liko juu ya ukurasa mpya. Pale pia kuna mahali pa kuondoa habari.

Kuna wenye wanafunga Chrome halafu wanashangaa kuona habari zingali zinatokea. Ni kwa sababu ziko na milango mingine. Ku telefone nyingi, ukisukuma kioo kuelekea kuume, unaangukia Discover ile ile. Unaifunga kwa kufinya muda mrefu mahali patupu pa kioo na kuingia ku mipangilio yake. Mlango mwingine ni ujumbe wenye kulia juu ya telefone. Ule si wa Discover. Siku moja ulifungua ukurasa, ukakuuliza swali, na wewe kwa haraka ukafinya « Autoriser ». Tangu siku ile una ruhusa uliyoitoa mwenyewe. Ku Chrome, ingia « Paramètres », kisha « Notifications », utaona majina ya kurasa zote zenye ziliruhusiwa. Zime moja moja zile zenye huzijui.

Ku nyumba zingine telefone ni moja kwa watu watano. Mtoto anafinya mpira, baba anatafuta dawa ya mgongo, na mama ndiye mwenye kuletewa vyote viwili. Hakuna ubaya mkubwa pale, ni kero tu.

Ubaya uko ku telefone ya okazioni. Kama muuzaji hakuondoa konti ya Google ya mwenye telefone wa kwanza, habari zenye unaona ni za kufuata mapenzi ya mtu mwenye humjui. Na mambo unayotafuta wewe, ugonjwa, deni, njia ya kukimbilia, yanaweza kuandikwa ndani ya konti yake, na yeye akayasoma akiwa ku telefone nyingine. Ingia « Paramètres », kisha « Comptes ». Ukikuta anwani yenye si yako, rudisha telefone kwa muuzaji aiondoe mbele yako, na ifanyike siku ile ile ya kununua, kabla hajahama mahali pake.