Kilo ya Mafuta Haitoshei Chupa ya Lita

Katika maduka ya Mumbuni, kando ya mji wa Machakos, kopo la mafuta ya mgando ya Kimbo huandikwa gramu au kilo, ilhali chupa ya mafuta ya maji iliyo kwenye rafu hiyo hiyo huandikwa lita. Mnunuzi huzilinganisha bei kana kwamba lita na kilo ni kitu kimoja, na hapo ndipo hesabu inapompotea. Lita moja ya mafuta ya kupikia, katika joto la kawaida la nyumbani, ina uzito wa takriban gramu 920. Kilo nzima hudai nafasi ya lita 1.09, kwa hiyo ukiimimina kwenye chupa ya lita itafurika. Tuseme lita inauzwa shilingi 300: kilo ya mafuta hayo imekugharimu kama shilingi 326. Kopo la kilo la shilingi 310, ambalo machoni ni ghali, kumbe ndilo rahisi. Atakaye kulinganisha kwa haki agawanye bei ya lita kwa 0.92, kisha ndipo aitazame bei ya kopo.

Mafuta ni mepesi kuliko maji, na wepesi huo una sababu yake. Chembe za maji ni ndogo na huvutana kwa nguvu, zikabanana. Za mafuta ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, isiyovutana sana, na haidrojeni ndiyo elementi nyepesi kuliko zote. Ndiyo maana mafuta huelea juu ya mchuzi. Tena hutanuka upesi yakipata joto, karibu asilimia 0.07 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mtungi uliopimwa lita 20 Mombasa kwenye nyuzi 32, ukifika Machakos, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya nyuzi 14, utakuwa na lita 19.75. Robo lita imepungua bila tone kumwagika wala mtu kuiba, na mizani bado inaonyesha kilo zile zile. Kwenye karai jambo hili huwa la hatari: lita iliyomiminwa ikiwa na nyuzi 20 inakaribia lita 1.12 ifikapo nyuzi 180 za kukaangia, na anayelijaza karai hadi ukingoni anaukaribisha moto. Ujazo hufuata joto, uzito haubadiliki. Kwa hiyo nashikilia kwamba penye fedha nyingi, mafuta yapimwe kwa kilo.

Kuna atakayesema kwamba gramu 80 katika lita ni kitu kidogo. Kwa anayenunua kikombe kimoja cha mafuta ya kupima kibandani, nakubali, wala sioni haja ya kumtwisha muuzaji mizani kwa ajili yake. Lakini mafuta ya mawese, yanayoagizwa kwa wingi kutoka Malaysia na Indonesia, katika soko la dunia huuzwa kwa tani, na tani moja hujaza mitungi 54 ya lita 20. Anayedhani kilo ni lita atahesabu mitungi 50, na hiyo minne itamponyoka. Mwingine atauliza: je, hiyo 0.92 ni ya mafuta yote? Si hasa. Ya mawese huwa mepesi kidogo, ya alizeti mazito kidogo, lakini ya kawaida jikoni huangukia kati ya 0.91 na 0.93. Kosa la asilimia 1 ni afadhali mara nyingi kuliko kosa la asilimia 8 la kuzichukua lita kuwa kilo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba lita ni kipimo halali na chepesi kutumia. Ni kweli, na sina nia ya kukiondoa. Nataka kilo ziwe shahidi wake, hasa kwa mama wa mandazi na muuza chipsi wanaonunua mtungi mzima. Mizani ya kupimia magunia sokoni inatosha. Pima kwanza mtungi mtupu, kisha uliojaa, utoe uzito wa ule mtupu: lita 20 zinapaswa kuonyesha karibu kilo 18.4 za mafuta. Zikitokea kilo 17, takriban lita moja na nusu haikuingia mtungini.