Tumbo la Mtoto na Chungu cha Uji

Katika kurasa hizi wanachama wamezoea kusoma habari za miche, makonyo na bei. Safari hii twataka kusema juu ya jambo la nyumbani, nalo si dogo: tumbo la mtoto. Mkulima mwenye mtoto anayeharisha wakati wa vuno, hesabu yake yote huharibika. Karafuu hulala jamvini bila ya kugeuzwa, na pishi hupungua. Na lililo zito kuliko karafuu ni kwamba mtoto mwenyewe aweza kupotea kwa siku mbili tatu tu, kwa kukaukiwa na maji mwilini.

Tuanze mbali kidogo na visiwa vyetu. Katika mji wa Musoma, ukingoni mwa Ziwa la Viktoria, iko kata iitwayo Iringo. Mkoa huo wa Mara hauna mikarafuu. Una ziwa, una ng'ombe, una mtama, ulezi, mahindi na muhogo. Hata hivyo mama wa Iringo na mama wa Wete wana shida moja. Mpaka miezi sita mtoto hutoshwa na maziwa ya mama peke yake, wala hahitaji hata maji. Baada ya hapo huanza kulishwa uji, na hapo ndipo tumbo linapoanza kusumbua.

UJI MWEPESI NA UJI MZITO

Uji ukiwa mwepesi, mtoto huunywa kwa urahisi, lakini tumbo lake dogo hujaa maji kabla hajapata nguvu. Ukiwa mzito, hawezi kuumeza. Dawa ya shida hii wazee wa bara waliijua zamani, nayo ni kimea. Ulezi huloweshwa usiku mmoja, hutandazwa katika kitambaa chenye unyevu mpaka uote, kisha huanikwa na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikitiwa katika uji mzito uliopoa kidogo, uji hulainika bila ya kuongezwa maji. Halafu urudishwe jikoni uchemke tena.

Wataalamu Mosha na Svanberg waliandika juu ya jambo hilo mwaka 1983, baada ya kuupima unga wa nafaka zilizooteshwa. Lakini liko onyo. Mtama uliooteshwa una sumu katika machipukizi na mizizi yake, kwa hiyo lazima viondolewe kabisa kabla ya kusaga. Ulezi ni salama zaidi kwa mtoto.

Onyo kama hilo lahusu muhogo pia. Mwaka 1985, katika wilaya ya Tarime iliyo mkoa huo huo wa Mara, ukame na njaa viliwafanya watu wale muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, na baadhi yao walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa sawasawa usitiwe katika uji wa mtoto.

UJI MCHACHU

Wako wanaodhani kuwa uji uliochachuka ni uji ulioharibika. Sivyo, ikiwa umechachushwa kwa makusudi na kwa usafi. Togwa hupikwa kama uji, huachwa ipoe mpaka iwe vuguvugu, hutiwa kimea na kiasi kidogo cha togwa ya jana, kisha hufunikwa mpaka kesho yake. Vijidudu vizuri huleta ukali, na ukali huo huwazuia vijidudu viletavyo kuhara.

Lorri na Svanberg walivichunguza vijiji viwili vya Tanzania kwa miezi tisa. Katika kijiji kimoja watoto walikuwa wakinywa uji mchachu, na katika kingine uji wa kawaida. Habari zao zilizotolewa mwaka 1994 zasema kwamba watoto wa kijiji cha kwanza waliharisha mara 2.1 kwa wastani, na wale wa pili mara 3.5. Jambo hili latuhusu sana sisi, maana wakati wa vuno uji hupikwa alfajiri na mtoto huachiwa dada yake mpaka jioni. Uji wa kawaida uliokaa kutwa katika joto ni hatari. Lakini togwa ya siku nyingi isipewe mtoto, kwa kuwa huanza kuwa pombe.

MTOTO ANAPOHARISHA

Hapa chakula si cha kwanza. La kwanza ni maji. Chukua pakiti ya chumvi maalumu ya kuzuia kukaukiwa kutoka zahanati. Ikikosekana, pima lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Usizidishe chumvi. Mpe mtoto kidogo kidogo, kila mara. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaagiza pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, na 20 kwa aliyezidi.

Wala usimnyime mtoto chakula. Desturi ya kumfungisha anayeharisha humdhoofisha tu. Anyonye, na ale vyakula laini. Huko Dhaka, Bangladesh, madaktari waliwapa watoto wenye kuhara kwa muda mrefu wali uliochanganywa na ndizi mbichi zilizopikwa, na mwaka 2001 walieleza kwamba walipona upesi kuliko waliopewa wali mtupu. Ndizi hizo zipo Musoma, na zipo mashambani kwetu.

Mtoto aliyetoka katika kuhara huenda asiyaweze maziwa ya ng'ombe mabichi kwa siku kadhaa, tumbo likamjaa upepo. Mara nyingi mtindi huvumilika zaidi.

MTOTO ANAPOFUNGA CHOO

Kwa mtoto aliyekwisha kuanza kula, tazama kwanza anakula nini. Ugali mweupe, mkate mweupe na maziwa ya ng'ombe kupita kiasi hukausha choo. Mwongeze maji ya kunywa, papai, embe, mchicha, kisamvu kilichopikwa sana na maharage yaliyopondwa. Mkalishe chooni baada ya chakula bila ya kumkemea. Asali asipewe aliye chini ya mwaka mmoja.

BADILI KITU KIMOJA

Daktari Willem Dicke wa Uholanzi alikuwa na watoto waliokonda na kuharisha miaka mingi. Aliondoa ngano katika chakula chao, akaandika uzito wao, akairudisha, akaandika tena. Mwaka 1950 alionyesha kwamba ngano ndiyo iliyowadhuru watoto wale. Si kila mtoto ana ugonjwa huo, lakini njia ya daktari huyo yafaa nyumba yoyote. Badili kitu kimoja, ngoja siku chache, andika katika daftari. Ukibadili vitano kwa siku moja, hutajua kipi kilichosaidia.

NA KARAFUU ZETU?

Twajua kwamba maji ya karafuu ni dawa ya tumbo kwa wazee wetu. Lakini mafuta ya karafuu ni jambo jingine. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza walieleza habari za mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta hayo. Alizirai, akapata degedege, na ini lake likaumia. Aliokolewa kwa taabu. Basi sisi tunaoishi na karafuu tuwe wa kwanza kuiweka chupa hiyo juu, mbali na mikono ya watoto, wala tusimnyweshe mtoto kwa ajili ya tumbo.

WAKATI WA KWENDA KWA DAKTARI

Usijaribu chakula chochote nyumbani ikiwa choo kina damu, macho yameingia ndani, mtoto hawezi kunywa au anatapika kila kitu, amelegea, ana homa kali, au tumbo limevimba na hapati choo. Kadhalika kuhara kukizidi siku 14, au uzito ukipungua mwezi hata mwezi, mpeleke. Karafuu iliyolowa mvua siku moja yaweza kuanikwa tena kesho. Mtoto aliyekaukiwa na maji hangoji kesho.