Kikumbusho cha Tukio

Mfasiri akiandika "mpira uliotumika", msomaji hudhani ni mtumba uliopungua thamani. Kumbe katika besiboli matumizi ndiyo yaongezayo thamani. Mpira alioupiga Shohei Ohtani wa Japani alipoweka rekodi mwezi Septemba 2024 uliuzwa mnadani mwezi uliofuata kwa zaidi ya dola milioni 4 za Kimarekani. Mpira mpya wa aina ile ile hununuliwa dukani kwa bei ndogo.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi mbili. "Kikumbusho cha tukio" ni kitu kilichokuwapo na kutumika katika tukio lenyewe. "Kikumbusho cha heshima" ni kile kilichotengenezwa au kuwekwa baadaye kwa kumtukuza mhusika. Mnunuzi asiyetofautishiwa hayo hupunjwa.

Tofauti hii yamfaa pia mwalimu wa Nzega afundishapo njia ya misafara ya Tabora na Ujiji. Mwembe wa Ujiji unaohusishwa na mkutano wa Stanley na Livingstone, mwaka 1871, haupo tena. Miembe ionyeshwayo yasemekana ni vipandikizi vyake. Hiyo ni vikumbusho vya heshima. Kuiita mwembe wenyewe ni kuwapotosha wanafunzi.