Hukumu ya Baraza juu ya Mpanda Pikipiki

Jioni moja, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani huku Majengo, Mombasa, si mbali na barabara ya Jomo Kenyatta, vikombe vidogo vya kahawa chungu vikipita mkono hata mkono, na katika duka la jirani runinga ikionyesha mashindano ya motokrosi kutoka Ulaya: vijana wenye helmeti na buti ndefu wakichupa juu ya vilima vya udongo kama samaki wachupavyo juu ya maji. Aliyekuwa akiongoza akapitwa na wawili katika mzunguko mmoja, na papo hapo kijana wa bodaboda, aliyeegemea pikipiki yake akingoja abiria, akatoa hukumu: "Huyo mwoga! Hamwoni alivyokata mafuta?" Mzee mmoja, fundi wa pikipiki wa miaka mingi, akamjibu taratibu, "Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Kijana akakipiga kofi kiti cha pikipiki yake. "Mzee wangu, kitanda changu mimi ni hichi hichi, kutwa kucha!"

Maneno hayo mawili hayakunitoka moyoni, kwa kuwa yamebeba suala ambalo mashabiki wa kila mchezo hulipita mbio: je, yampasa mtu awe ameonja taabu ya mchezo ndipo apate haki ya kumhukumu mchezaji?

Mbio za motokrosi asili yake ni Uingereza, ambako mwaka 1924, huko Camberley, wapanda pikipiki walishindana kupita nyikani, juu ya vilima na matope. Na tangu 1957 umekuwapo ubingwa wa dunia. Hapa kwetu Afrika Mashariki zimekuwa na viwanja vyake, kama Jamhuri huko Nairobi na Garuga, upande wa Entebbe, Uganda. Katika daraja ya juu ya dunia, kila mbio huchukua dakika 30 na mizunguko 2 ya ziada, na mbio hizo hukimbiwa mara mbili kwa siku moja. Pikipiki yenyewe haipungui kilo 99, na aipandaye hukaa kitako kwa nadra. Aghalabu husimama juu ya vikanyagio, magoti yakiibana tangi, mgongo umeinama, mikono ikipokea kila kishindo cha ardhi. Adui wake mkubwa, ambaye mtazamaji hamwoni kabisa, yumo ndani ya mkono wake mwenyewe: misuli ya kigasha hujaa damu, hukaza kama kamba iliyolowa, hata vidole vikakosa nguvu ya kufinya breki na klachi. Mtu aliyefikwa na hali hiyo hupunguza mwendo kwa kuwa hana mkono wa kuizuia pikipiki, ilhali sisi tulio barazani twaona jambo moja tu, nalo ni kwamba amekata mafuta.

Na yule kijana wetu, je, si mzoefu? Kwa hakika ni mzoefu, nami namheshimu kila mtu apataye riziki yake kwa kupenya baina ya matatu na tuktuk kutoka Mwembe Tayari hadi Makupa. Lakini uzoefu wake ni wa kuketi, abiria nyuma na mzigo wa soko mbele, na mafunzo yake makuu ni kwamba ukiona shimo, punguza. Mpanda motokrosi amefunzwa kinyume chake, kwamba aonapo matuta yamefuatana huvuta mafuta, ili gurudumu la mbele liwe jepesi lipite juu juu. Basi uzoefu ulio jirani waweza kumpoteza mtu kuliko kutokuwa na uzoefu wowote, maana asiyejua huuliza, na ajuaye nusu hujaza nusu iliyobaki kwa dhana.

Upande wa mzee nao una ushahidi. Mwaka 2008 wataalamu wa Roma, wakiongozwa na Salvatore Aglioti, waliwaonyesha watu filamu za mitupo ya mpira wa kikapu zilizokatwa kabla mpira haujafika, wakawauliza kama utaingia. Walikuwamo wachezaji mahiri, makocha na waandishi wa michezo walioutazama mchezo huo kwa miaka, na watu wasioujua. Wachezaji walitambua mapema kuliko wote, kwa kuusoma mwili wa mtupaji hata kabla mpira haujatoka mkononi. Mwili uliokwisha kutenda jambo huliona jambo hilo kwa jicho la pili.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba watazamaji wanyamaze, nami nina hoja iliyo karibu na nyumbani. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Na katika Safari 22 alizoingia alimaliza 19, katika mbio ambazo mwaka 1968 zilimalizwa na magari 7 tu kati ya zaidi ya 90. Watu waliosimama kandokando ya njia, kwenye matope na vumbi, wengi wao wasiowahi kushika usukani maishani, wakamwita Simba. Hawakukosea. Waliona gari linakwenda na linarudi, mwaka hata mwaka, wakapima kwa kile kilichodhihirika machoni pao.

Barazani huchanganywa hukumu mbili. Iko hukumu ya tendo, yaani nani amepita, nani ameanguka, nani amechagua njia mbaya penye kona. Hii haitaki ila macho na subira, kama vile kadhi asivyohitaji kuwa ameiba ndipo aamue kesi ya wizi. Na iko hukumu ya moyo: fulani mwoga, fulani mvivu, fulani hana uchu wa ushindi. Kadhi mwenyewe huhukumu kwa dhahiri, na ya siri humwachia Mola. Sembuse mtu ambaye shahidi wake wa pekee ni runinga ya dukani! Hukumu hii ya pili naiona ni dhuluma, nayo huumiza, kwa kuwa yule anayetukanwa aghalabu ndiye aliyevumilia zaidi.

Zilipokwisha mbio za kwanza, mzee aliisimamisha pikipiki ya kijana kwa stendi yake ya katikati, akamwambia asimame juu ya vikanyagio, ainame, abane tangi kwa magoti, kidole kimoja juu ya klachi na kimoja juu ya breki, abaki hivyo. Kijana alipanda akicheka. Kicheko kilikwisha upesi. Haikutimia dakika ya sita mapaja yakaanza kumtetemeka, akashuka, akawa anavinyoosha vidole vyake kimoja baada ya kingine. Mbio za pili zilipoanza alivuta kibao akaketi karibu na mzee, akatazama kimya kwa muda mrefu, kisha akamgusa begani. "Mzee, hebu mtazame yule wa tatu. Mkono wake wa kushoto, kila akiruka aukung'uta."