Bundi Mgeni na Kamera

Ukitajiwa bundi najua utasema, "Uchuro huo!" Hapa kwetu Nakuru kuna wanaomrushia mawe. Mimi humpiga picha.

Yuko bundi mdogo, urefu wake sentimita 20 hivi, anayezaliana Ulaya na Asia. Baridi ikiingia huko, wadudu anaowala huadimika, naye huhamia Afrika. Kenya huonekana kwa nadra, kati ya Oktoba na Aprili. Taabu ni kwamba anafanana mno na binamu yake mwenyeji, yule anayelia usiku kule Baringo. Mgeni kwa kawaida hunyamaza tu. Basi picha ndiyo ushahidi, nayo lazima ionyeshe ncha za mabawa: za mgeni ni ndefu zaidi, maana husafiri mbali.

Mchana hulala kando ya shina la mgunga, amejinyoosha utadhani tawi kavu. Usitikise mti! Flashi pia usiwashe. Simama mbali, tumia lenzi ndefu, egemeza kamera, piga mbili tatu, nenda zako. Akikurupushwa mchana ndege wengine humzonga, na mwewe humwona.

Na vijana wenye mawe wakikuuliza yuko mti gani, wewe hujaona kitu.